Jina kabla ya Nembo: Dini, Dola na Makaburi ya Askari na Wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika Ukanda wa Kilwa na Lindi

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna dola inavyoitambua imani ya askari aliyefariki kupitia jiwe la kaburi lake. Mfano unaotumika ni ukanda wa Kilwa na Lindi, uliokuwa uwanja wa mapigano makali mwaka 1917. Hoja kuu ni kwamba mjadala wa nembo za dini za wachache hudhani kuwa kaburi lipo na jina lipo. Kwa askari wengi wa Kiafrika na karibu wapagazi wote, ngazi hizo mbili za mwanzo hazikufikiwa, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa ni madai kuhusu desturi zao za mazishi. Makala inaonesha kwamba ushahidi wa pwani yenyewe unayakanusha madai hayo.

1. Utangulizi

Katika makaburi ya kijeshi, nembo ya dini ni kauli ya serikali. Serikali ndiyo inayolipia jiwe, ndiyo inayopanga vipimo vyake, na ndiyo inayoamua ni alama zipi ziruhusiwe kuchongwa. Kwa sababu hiyo, kuruhusiwa au kukataliwa kwa alama hutafsiriwa na jamaa za marehemu kuwa ni kukubaliwa au kukataliwa kwa imani yenyewe. Mfano unaofahamika ni wa Marekani, ambako Idara ya Maveterani ilikubali mwaka 2007 nyota ya pembe tano ya waumini wa Wicca baada ya shauri kufikishwa mahakamani. Waombaji katika shauri hilo walikuwa na kaburi linalojulikana na jina lisilobishaniwa. Kilichokosekana ni alama tu.

Hali ya pwani ya kusini mwa Tanzania ni tofauti. Ili kuieleza, makala inatofautisha ngazi tatu za utambuzi: kaburi, jina na nembo. Kila ngazi huitegemea iliyo kabla yake. Nembo haiwezi kuchongwa pasipo jina, na jina haliwezi kuwekwa juu ya kaburi lililoachwa lipotee.

2. Vita katika ukanda wa Kilwa na Lindi

Majeshi ya Uingereza yaliingia Kilwa na Lindi mwezi Septemba 1916. Mwaka uliofuata bandari hizo mbili ziligeuzwa kuwa vituo vya kuyashambulia majeshi ya Kijerumani yaliyoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Tarehe 19 Julai 1917 yalitokea mapigano ya Narungombe, nyuma ya Kilwa. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba yalitokea mapigano ya Mahiwa, kusini-magharibi mwa Lindi, ambamo upande wa Uingereza ulipoteza watu wapatao 2,700 kwa kuuawa, kujeruhiwa au kupotea.

Waliopigana hawakuwa wa dini moja. Kulikuwa na askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki na Nyasa, Brigedi ya Nigeria iliyokuwa na Waislamu wengi, Kikosi cha Gold Coast, vikosi vya India vyenye Waislamu, Wahindu na Masingasinga, pamoja na Wazungu Wakristo. Nyuma yao walikuwapo wapagazi waliobeba chakula na risasi mahali ambapo wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa malale na magari hayakuweza kupita. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Uingereza walifariki katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao.

3. Kanuni ya usawa na mipaka yake

Tume ya Himaya ya Makaburi ya Vita iliundwa kwa hati ya kifalme mwezi Mei 1917, miezi michache kabla ya Mahiwa. Mwaka 1960 jina lake lilibadilishwa na kuwa Tume ya Jumuiya ya Madola. Ripoti ya Frederic Kenyon ya mwaka 1918 iliweka msingi wa usawa: mawe yawe ya namna moja, yenye kimo cha sentimita 81 na upana wa sentimita 38, bila kujali cheo, ukoo wala dini. Juu ya jiwe huchongwa beji ya kikosi, jina, tarehe ya kufariki na nembo ya imani. Mkristo alipata msalaba, Myahudi Nyota ya Daudi, na wafu wa India waliozikwa Ulaya walichongewa maandishi kwa hati za dini zao. Kwa wakati wake, huo ulikuwa utambuzi mpana.

Hata hivyo, kanuni hiyo haikutekelezwa kwa usawa barani Afrika. Ripoti ya kamati maalumu ya Tume, iliyotolewa Aprili 2021, ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tarehe 22 Aprili 2021 Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni.

Uamuzi wa Tanganyika ulikuwa wazi. Gavana Horace Byatt aliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo, wala hakutaka kuzitafakari takwimu za Waafrika waliokufa. Badala ya mawe ya mtu mmoja mmoja iliwekwa minara ya jumla, ukiwamo wa Askari wa Dar es Salaam uliozinduliwa mwaka 1927. Mnara huo una maandishi ya Kiswahili, lakini hauna jina hata moja la marehemu.

4. Hoja ya desturi na ushahidi wa pwani

Kunyimwa mawe hakukutetewa kwa hoja ya gharama peke yake. Kulikuwa pia na hoja ya utamaduni. F. G. Guggisberg, Gavana wa Gold Coast, alidai kwamba mwenyeji wa kawaida wa koloni lake asingelielewa wala kulithamini jiwe la kaburi. Ingawa kauli hiyo ilihusu Afrika Magharibi, inawakilisha fikra iliyoongoza maamuzi katika makoloni mengine. Kwa maneno mengine, watawala walijipa mamlaka ya kueleza imani ya marehemu, kisha wakaitumia tafsiri yao kumnyima kumbukumbu.

Ukanda ambamo wengi wa wafu hao wamelala unaikanusha hoja hiyo. Kilwa Kisiwani kuna makaburi ya masultani, na mengine yanauzunguka Msikiti wa Malindi. Songo Mnara kuna makaburi yaliyojengewa kuta za matumbawe ndani ya mji, na wanaakiolojia wamekuta sarafu na kokoto nyeupe zilizowekwa hapo kwa heshima ya wafu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Jamii iliyojenga kwa mawe kwa ajili ya wafu wake, karne nyingi kabla ya Tume kuundwa, haiwezi kusemwa kuwa haikuelewa maana ya jiwe la kaburi.

Ni kweli kwamba katika Uislamu wapo wanazuoni wanaokataza makaburi kujengewa na kupambwa. Lakini kukataa pambo si kukataa alama: hadithi inasimulia kwamba Mtume aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue. Zaidi ya hayo, kwa Mwislamu nembo ya kwanza ni mlalo wenyewe. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, ambacho katika pwani hii kipo upande wa kaskazini. Utambuzi kamili wa imani yake ungeanzia katika kuchimba kaburi na kupanga safu, kabla ya kufikia mchongo wa jiwe.

Kwa wapagazi wa bara ambao hawakuwa Waislamu wala Wakristo, suala ni gumu zaidi. Imani zao hazikuwa na nembo moja inayoweza kuingizwa katika orodha ya serikali. Kiungo cha walio hai na wafu kilikuwa tambiko, na katika jamii nyingi za kusini, jina la marehemu lililorithishwa kwa kizazi kipya. Kutokuwa na nembo hapa hakumaanishi kutokuwa na kumbukumbu. Kinyume chake, jina ndilo lililokuwa alama, na kulipoteza kulikuwa ni kupoteza yote.

5. Kinachowezekana sasa

Majina hayakukosekana tangu mwanzo. Wapagazi waliandikishwa na kupewa namba kwa ajili ya malipo, na baada ya vita ulizuka mgogoro kuhusu mishahara ya marehemu isiyochukuliwa; deni la namna hiyo haliwezi kuhesabiwa pasipo daftari. Mfano wa Afrika Kusini unaonesha njia. Mnara uliozinduliwa Cape Town mwezi Januari 2025 unawakumbuka Waafrika zaidi ya 1,700 waliofariki katika kazi zisizo za kubeba silaha. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti wa mvule yenye jina na tarehe ya kufariki. Muundo huo unarudisha ngazi ya jina bila kumpachika marehemu dini isiyothibitishwa.

Kwa Tanzania, Katiba ya mwaka 1977 inatamka kwamba Jamhuri ya Muungano haina dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuamini. Masharti hayo mawili yanatoa mwongozo kwa kumbukumbu yoyote itakayowekwa Kilwa, Mahiwa au Lindi: dola isimchagulie marehemu imani, wala isitumie ukimya wa kumbukumbu kuwa kisingizio cha kutomtaja.

6. Hitimisho

Utambuzi wa nembo za dini za wachache ni haki yenye uzito, lakini katika ukanda wa Kilwa na Lindi ni haki ya ngazi ya tatu. Askari na wapagazi waliofia huko walinyimwa kwanza kaburi lenye kutunzwa, kisha jina, na imani waliyodhaniwa kuwa nayo ikafanywa mojawapo ya sababu. Marekebisho yanapaswa kufuata mpangilio uleule: kuyatambua maeneo ya makaburi, kuyatafuta majina katika madaftari ya jeshi na ya mishahara, na baada ya hapo, pale dini ya marehemu inapothibitishwa, kuweka nembo au mlalo unaostahili.