Kiinitete Kilichokaa Eda

Katika hifadhi ya Gonarezhou, kusini mashariki mwa Zimbabwe, na katika nyika ya jirani iliyomo ndani ya Msumbiji, mvua huacha madimbwi ya maji ya tope ambayo mpita njia hana haja ya kuyatazama mara mbili, na kiangazi kikishika hunywewa na jua hata ikabaki ardhi ya nyufa, tembo akapita juu yake bila ya kulowa unyayo. Madimbwi hayo hayaingiwi na mto wala hayapakani na ziwa. Walakini mvua zikirudi hayapiti majuma mengi ila utakuta samaki wanaogelea ndani yake, madume yamevaa rangi ya feruzi na mikia ya wekundu au umanjano, na majike ya kijivu yasiyo na pambo lolote. Si ajabu mtu akidhani wameshuka pamoja na mvua.

Samaki huyo alikusanywa huko mwaka 1968 na Richard Furzer, na mwaka 1971 mtaalamu Jubb akampa jina la Nothobranchius furzeri. Jamaa yake mmoja tunaye hapa kwetu Unguja, Nothobranchius guentheri, mwenye mkia mwekundu, ambaye wataalamu walimwandika tangu mwaka 1893, na ambaye kufikia mwaka 1972 alikwisha kuvuka bahari, akawa mgeni wa maabara za Marekani zilizokuwa zikichunguza uzee. Sidhani kama wengi wetu tuliochezea madimbwini utotoni tulijua kwamba tunachota wanazuoni.

Uzee ndio uliomtia sifani samaki huyu wa Gonarezhou. Dimbwi lake halimpi muhula, naye amefundishwa na maumbile kufanya haraka: huko Msumbiji wachunguzi wameona kwamba aweza kupevuka na kuanza kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa, mwendo ambao hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo ajulikanaye kuufikia. Katika maabara, ambako maji hayakauki wala hakuna korongo wa kumdokoa, bado umri wake aghalabu hauzidi miezi minne hadi sita, na kabla ya kufa huzeeka kama tuzeekavyo sisi, rangi ikafifia, mgongo ukapinda, uzazi ukapungua. Mtaalamu atakaye kuuona uzee tangu mwanzo hata mwisho katika panya hana budi kungoja miaka miwili au mitatu. Kwa samaki huyu anaumaliza kabla ya mwaka kwisha.

Lakini kwangu mimi ajabu kubwa haimo katika samaki, imo katika yai. Jike hutaga yai moja moja ndani ya tope, na dimbwi likauapo wazazi wote hufa, kusiwe na hata mmoja wa kusimulia, mayai yakabaki ardhini. Humo kiinitete huweza kusimama njiani, na vituo vyake ni vitatu: cha kwanza mapema kabisa, seli zingali zimetawanyika, cha tatu mwishoni, mtoto amekwisha kutimia na anangoja maji tu, na cha katikati, ambacho ndicho kilichochunguzwa zaidi, ni wakati kichwa kimekwisha kuonekana, pingili za mwili zimejipanga, na moyo umeanza kudunda. Hapo ukuaji hukoma, moyo ukapunguza mwendo, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi, pengine hata kupita mwaka mzima. Wataalamu wanaiita dayapozi.

Wako wanaoifasiri dayapozi kuwa ni usingizi, nami nasita kuwafuata. Usingizi hutujia wenyewe, tena alalaye huku usiku ukipita amezeeka kwa usiku mmoja. Neno la kwetu lililo karibu zaidi na jambo hili ni eda. Mjane akaaye eda hakulala wala hakufa. Anakula, anaoga, anazungumza, lakini hatoki wala hajipambi, na kila asichokifanya kina sharti linalomzuia na watu wanaomwangalia asilivunje. Kutulia kwake ni kazi inayotendwa kila siku.

Kwamba kiinitete nacho kinafanya kazi ya namna hiyo, ilidhihirika mwaka 2020, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika maabara ya Anne Brunet, walipotangaza matokeo yao. Swali la kwanza lilikuwa jepesi kulitamka: je, aliyengoja muda mrefu ndani ya yai hulipa baadaye, kwa kudumaa, kwa ugumba au kwa kufa mapema? Wakawafuatilia samaki waliopita katika dayapozi na wasiopita, wakaona kwamba ukuaji, uzazi na umri wa samaki mzima havikupungua hata kidogo, ingawa kungoja kwenyewe kuliweza kuzidi maisha yote ya samaki mzima. Muda ule ulikuwa kana kwamba haukuhesabiwa.

Kisha wakasoma jeni zipi zinatumika na zipi zimenyamazishwa wakati wa dayapozi, na badala ya kukuta nyumba iliyozimwa taa zote, walikuta nyumba yenye shughuli. Miongoni mwa jeni zilizopandishwa kuliko nyingine zilikuwa zile za jamii iitwayo Polikombi, ambazo protini zake huweka alama juu ya sehemu za urithi zisizotakiwa kufunguliwa, mfano wa alama ya chaki mlangoni inayoonya kwamba chumba hiki kisiingiwe. Protini mojawapo, CBX7, ilionekana inazizuia jeni za misuli na za matumizi ya nguvu. Wachunguzi wakaiharibu jeni yake ili waone litakalotokea. Na kilichotokea ni kwamba viinitete visivyo nayo vilishindwa kuitunza misuli yao na kuidumisha dayapozi, vikatoka kabla ya wakati. Mlinzi alipoondolewa, eda ilivunjika. CBX7 wanadamu pia tunayo, na hapo ndipo magazeti hukimbilia kuahidi umri wa Nuhu. Mimi sioni kwamba samaki huyu ametuahidi kitu.

Mwaka 2024 maabara hiyo hiyo iliuliza ufundi huu umetoka wapi, kwa kuwa dayapozi ya samaki hawa ilizuka katika miaka milioni 18 iliyopita, muda mfupi kwa hesabu ya viumbe, ilhali jeni nyingi zinazoitumikia ni nakala za pacha zilizojirudufu zaidi ya miaka milioni 470 iliyopita. Mfano wake ni nyumba yenye visu viwili vya urithi: kimoja kimeendelea na kazi ya jikoni, na cha pili, kilichokuwa kikilala kabatini, kikapewa kazi mpya kiangazi kilipobisha hodi. Baadhi ya kazi hizo zinahusu mafuta, navyo viinitete vilivyomo katika dayapozi huyapanga mafuta yao kwa namna yao, yakiwemo ya minyororo mirefu mno.

Yai lenyewe ni dogo, mithili ya punje ya ulezi, na gamba lake ni angavu hata aliye nyuma ya hadubini humwona mkazi wa ndani. Katika maabara nyingi halilazwi katika tope bali juu ya makumbi ya nazi yaliyochemshwa yakatiwa unyevu, kitu ambacho pwani tunasokotea kamba, na huko Ulaya na Marekani hununuliwa kwa mafurushi. Fundi hupita juu ya makumbi hayo na koleo laini, akitafuta alama moja tu, nayo ni jicho lililozungukwa na pete ya rangi ya dhahabu, kwa kuwa mwenye jicho hilo yu tayari. Huyo hutiwa ndani ya maji baridi yaliyotiwa asidi ya udongo mweusi, na muda si muda gamba linapasuka, samaki mwembamba kama uzi anajinyoosha, akaanza kuhesabiwa siku zake. Wasio na dhahabu jichoni hufunikwa tena, kifuniko kikaandikwa tarehe, wakaachwa hadi juma lijalo.