Jozi: Jezi ivae uwanjani, mtaani ifunike

USIKU wa Aprili 5, 2024, pale Loftus Versfeld jijini Pretoria, Yanga iling'olewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti 3-2 baada ya mechi mbili bila bao. Lile shuti la Stephane Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda chini linabishaniwa vijiweni mpaka leo.

Kuna swali moja tu ambalo vijiwe havigusi. Penalti zikiisha usiku ule, shabiki aliyetoka Dar anarudije alikolala?

Simba nayo inaijua njia hiyo. Aprili 2022 ilitolewa na Orlando Pirates kwa penalti pale Orlando Stadium, Soweto. Kwa hiyo Wanamsimbazi na Wananchi, hili ni lenu wote, maana droo ya CAF haichoki kuzipeleka timu zetu Sauzi.

Wengi wakiwaza hatari huko, huwaza mashabiki wapinzani. Wanakosea. Ndani ya uwanja kuna askari, kuna kamera, na wenyeji wanapenda utani na vuvuzela zao. Cha kuogopa uwanjani ni msukumano wa getini. Ellis Park, Johannesburg, Aprili 2001, watu 43 walikufa kwenye mechi ya Kaizer Chiefs na Pirates. Wahi, basi.

Balaa lenyewe liko njiani, na linaanzia siku unapofika.

Waliopanda basi kutoka Dar kupitia Tunduma, Lusaka, Harare na Beitbridge hufika Park Station, katikati ya Johannesburg, wakiwa hoi. Miguu imevimba, begi ni kubwa, macho yanatafuta bango. Vibaka wa pale wanamsoma mtu wa hivyo kwa sekunde tatu. Joubert Park na Hillbrow zipo jirani hapo, na si mitaa ya kukatiza na begi usiku. Panga usafiri kabla hujashuka, usubirie ndani ya jengo, na simu ya ramani uiangalie ukiwa umesimama ndani, si barabarani.

Na akitokea mtu akakusalimia kwa Kiswahili safi, "Mambo vipi kaka, Simba au Yanga?", furahi, lakini begi libaki mkononi mwako. Watanzania wema wamejaa Jozi, ila lugha peke yake haitoshi kumpa mtu pasipoti yako akushikie.

Teksi za kule ndizo daladala zao. Hakuna konda. Unanyoosha kidole barabarani, na kila alama ina safari yake; kidole cha shahada kikielekea juu ni kwenda mjini kati. Nauli inatoka nyuma ikipita mkono kwa mkono hadi mbele, na anayekaa pembeni ya dereva ndiye hujikuta anahesabu chenji ya gari zima. Kama randi bado zinakuchanganya, kiti hicho mwachie mwenyeji. Usiku, au ukiwa peke yako, ita gari kwa programu ya simu, linganisha namba ya gari kabla ya kufungua mlango.

Gautrain inayounganisha uwanja wa ndege wa OR Tambo, Johannesburg na Pretoria ni safi na ina ulinzi. Kasoro yake, haikeshi. Mechi ya usiku ikifika kwenye penalti, unaweza kukuta stesheni imefungwa.

Pesa nayo ina mtego wake. Kwenye mashine ya kutolea pesa, mtu anayejitolea kukusaidia kadi "iliyokwama" ndiye mwenye mpango wa kuibadilisha. Toa pesa ndani ya maduka makubwa, mchana, na usipokee msaada wa mtu yeyote.

Tusidanganyane pia, mgeni Mwafrika Sauzi ana mzigo wa ziada. Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa kwenye vurugu dhidi ya wageni, na Septemba 2019 maduka ya wageni yalichomwa Johannesburg. Ndiyo maana jezi, ambayo Kariakoo inakupatia marafiki, mtaani kule inakutangaza kuwa umetoka mbali na una nauli ya kurudia. Vaa koti juu. Livue ukishapita geti.

Kabla ya safari, piga picha pasipoti na umwachie ndugu nyumbani. Namba ya polisi ni 10111, na kwa simu ya mkononi 112 nayo inapokelewa. Ubalozi wetu uko Pretoria. Andika namba zake kwenye karatasi, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuibwa.

Na viongozi wa matawi, mnapokusanya michango ya safari, kubalianeni kabisa mahali pa kukutana baada ya filimbi ya mwisho, mshinde mfungwe. Hesabuni vichwa pale pale. Basi lisiwashwe kama kuna kiti kimoja hakina mtu.