Mapunjo ya Ruzuku Baada ya Kipato cha Kaya Kubadilika: Istilahi, Utaratibu na Haki ya Mdai

Ikisiri

Kaya inayopokea ruzuku ya serikali hutarajia kwamba kipato chake kikishuka, ruzuku itapanda. Matarajio hayo hayatimii kila mara, na tofauti kati ya kilicholipwa na kilichostahili kulipwa huitwa mapunjo. Makala haya yanaeleza namna mapunjo yanavyotokea katika Universal Credit, ruzuku ya Uingereza inayokokotolewa upya kila mwezi kwa kufuata kipato cha kaya, na njia alizonazo mdai za kuyarekebisha. Hoja kuu ni kwamba mapunjo yana vyanzo vitatu, yaani taarifa, hesabu na kalenda, na kila chanzo kina mlango wake. Mdai asiyekuwa na jina sahihi la kilichomsibu hugonga mlango usiohusika hadi muda wake unakwisha. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza matumizi ya istilahi za Kiswahili zinazotenganisha hatua hizo, kwa manufaa ya wakalimani na watunga sera wa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Kitenzi "punja" kina maana ya kumpa mtu pungufu ya anachostahili, na mara nyingi hubeba tuhuma ya hila. Nomino "mapunjo" imezoeleka zaidi nchini Tanzania katika madai ya mishahara na mafao ya wastaafu. Hukaribiana na "malimbikizo", lakini maneno haya mawili hayalingani. Malimbikizo ni fedha ambazo mlipaji anakubali kuwa zinadaiwa ila hazijalipwa. Mapunjo ni fedha ambazo mlipaji anaamini amekwisha kuzilipa kikamilifu. Kwa hiyo mdai wa malimbikizo anahitaji subira na ufuatiliaji, ilhali mdai wa mapunjo anahitaji ushahidi na hoja.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika mifumo ya ruzuku inayofuata kipato. Uingereza ni mfano wa karibu kwa sababu mbili. Kwanza, miongoni mwa wakazi wake wamo wazungumzaji wa Kiswahili wenye asili ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo na nchi jirani, na baadhi yao huhitaji mkalimani wanaposhughulikia masuala ya ofisi za serikali. Pili, mfumo wake unaonyesha waziwazi kinachotokea pale kompyuta, mwajiri na ofisi ya serikali wanapogawana jukumu la kujua kipato cha kaya.

2.0 Jinsi ruzuku inavyokokotolewa

Universal Credit ilianzishwa kwa Sheria ya Mageuzi ya Ustawi ya mwaka 2012 na kuanza kutolewa mwaka 2013. Iliunganisha ruzuku sita zilizokuwa zikitolewa mbalimbali, zikiwamo za pango, watoto na ukosefu wa ajira. Husimamiwa na Wizara ya Kazi na Pensheni.

Hesabu yake hufuata kipindi cha tathmini cha mwezi mmoja, kinachoanza tarehe ileile kila mwezi kutegemea siku ambayo mdai alianza kustahili ruzuku. Mwajiri hupeleka taarifa za mshahara kwa mamlaka ya kodi, nayo huzipitisha kwa Wizara. Kinachohesabiwa ni mshahara baada ya kukatwa kodi, bima ya taifa na michango ya pensheni. Kaya yenye watoto, au yenye mtu ambaye uwezo wake wa kufanya kazi umepunguzwa na maradhi au ulemavu, huwa na kiwango cha mshahara kisichoguswa. Mshahara unaozidi kiwango hicho hupunguza ruzuku kwa peni 55 kwa kila paundi 1. Uwiano huo umetumika tangu mwishoni mwa mwaka 2021. Kabla ya hapo ulikuwa peni 63.

Mfano wa kubuni utasaidia. Mama mwenye watoto wawili alikuwa akipokea mshahara wa paundi 1,200 kwa mwezi. Saa zake za kazi zikapunguzwa, mshahara ukashuka hadi paundi 800. Viwango vyote viwili vinazidi kile kisichoguswa, kwa hiyo ruzuku yake inapaswa kuongezeka kwa asilimia 55 ya paundi 400, yaani paundi 220. Iwapo mfumo utaendelea kusoma mshahara wa zamani, kaya hiyo itakuwa imepungukiwa mara mbili: paundi 400 za mwajiri na paundi 220 za serikali, katika mwezi uleule.

3.0 Vyanzo vitatu vya mapunjo

3.1 Taarifa

Kwa kuwa mishahara hupelekwa na mwajiri, mdai anaweza kudhani kwamba ofisi inajua kila kitu. Dhana hiyo ni sahihi kwa mshahara tu. Mwenza kuhama, mtoto kuzaliwa, kodi ya nyumba kupanda, malipo ya mlezi wa watoto, au kipato cha anayejiajiri ni mambo ambayo mdai mwenyewe hupaswa kuyaeleza, kwa kawaida kupitia shajara yake ya mtandaoni. Badiliko la aina hii linaloongeza ruzuku likiripotiwa kabla ya kipindi cha tathmini kwisha, huhesabiwa tangu mwanzo wa kipindi hicho. Likiripotiwa baadaye, huanza kuhesabiwa katika kipindi ambacho taarifa ilitolewa, na miezi iliyotangulia hupotea isipokuwa ofisi ikubali sababu ya kuchelewa. Hata hivyo, sababu ya kuchelewa ina ukomo: miezi 13.

Neno "kaya" huongeza utata. Katika Kiswahili cha kawaida, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, na kaka au shangazi anayeishi humo ni sehemu yake. Katika Universal Credit, kipato kinachohesabiwa ni cha mdai na mwenza wake. Mshahara wa kaka mtu mzima hauingizwi katika hesabu ya kipato, ingawa kuwapo kwake kunaweza kupunguza sehemu ya ruzuku inayolipia pango. Tafsiri inayouliza "kipato cha kaya" bila kufafanua inaweza kumfanya mdai aeleze zaidi ya kinachohitajika.

3.2 Hesabu

Chanzo cha pili ni takwimu isiyo sahihi. Mwajiri anaweza kuripoti mshahara mara mbili, kuripoti kiasi kikubwa kuliko kilicholipwa, au kuchelewa kuripoti. Ofisi nayo inaweza kuacha kipengele ambacho mdai alikwisha kukithibitisha. Katika hali hizi mdai hahitaji kueleza badiliko jipya. Anahitaji kupinga takwimu iliyotumika. Ushahidi wake mkuu ni hati ya mshahara na taarifa ya benki, zikilinganishwa na kiasi cha mshahara kilichoandikwa katika taarifa ya malipo ya ruzuku ya mwezi husika.

3.3 Kalenda

Chanzo cha tatu ni kigumu zaidi kukitambua, kwa sababu hakuna aliyekosea kuandika. Tuseme kipindi cha tathmini huanza tarehe 30 na kuishia tarehe 29, na mshahara hulipwa tarehe 30. Tarehe 30 ikiangukia Jumapili, mwajiri hulipa Ijumaa tarehe 28. Kipindi kimoja hubeba mishahara miwili na kinachofuata hakibebi hata mmoja. Ruzuku hushuka ghafla mwezi mmoja na kupanda mwezi unaofuata. Mtu anaweza kusema kwamba mwishowe hesabu hulingana, lakini hailingani: kiwango kisichoguswa hutumika mara moja badala ya mara mbili, kwa kuwa katika kipindi kisicho na mshahara hakuna cha kukinga.

Wanawake wanne wanaolea watoto peke yao walilifikisha suala hili mahakamani katika kesi inayojulikana kwa jina la Johnson. Mwezi Juni 2020, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Wizara kushindwa kuweka utaratibu kwa ajili ya hali hiyo hakukuwa na mantiki kisheria. Kanuni zikarekebishwa mwezi Novemba mwaka huohuo ili mshahara mmoja uweze kuhamishiwa kipindi kingine. Marekebisho hayo yaliwalenga wanaolipwa kwa mwezi. Wanaolipwa kila baada ya wiki nne hupokea mishahara 13 kwa mwaka, na kwao kipindi chenye mishahara miwili bado hujitokeza.

4.0 Milango ya marekebisho

Sheria humpa mdai hatua kadhaa, nazo hufuatana kwa mpangilio usiorukwa.

Hatua ya kwanza ni taarifa au pingamizi la takwimu, linaloandikwa katika shajara likiwa na tarehe ya badiliko na nakala ya ushahidi. Hatua ya pili ni mapitio ya lazima: mdai huiomba ofisi ileile iutazame upya uamuzi wake. Ombi hili hutakiwa kutolewa ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi, ingawa linaweza kupokelewa baadaye kwa sababu nzuri, ndani ya ukomo wa miezi 13. Hatua ya tatu ni rufaa kwa baraza huru, ndani ya mwezi mmoja tangu barua ya matokeo ya mapitio itolewe. Kwa kawaida rufaa haipokelewi kabla ya mapitio.

Kuna njia ya pekee kwa kosa la ofisi ambalo mdai hakulichangia. Uamuzi wenye kosa la namna hiyo unaweza kurekebishwa wakati wowote. Kwa hiyo mdai aliyechelewa hapaswi kuishia kusema "nimepunjwa". Anapaswa kuonyesha nani alikosea. Ushahidi kwamba alieleza badiliko siku fulani na ofisi ikaacha kulifanyia kazi ndio unaomfungulia mlango ambao kwa mwingine umefungwa.

Malalamiko ni jambo lingine kabisa. Malalamiko huhusu huduma: simu isiyopokelewa, lugha isiyofaa, ucheleweshaji. Hayabadilishi uamuzi wala hayasimamishi muda wa kuomba mapitio. Mdai aliyelalamika na kutulia akisubiri majibu anaweza kupoteza mwezi wake wote.

Ni muhimu pia kutambua kwamba mizani ya sheria haiko sawa. Malipo ya ziada ya Universal Credit yanaweza kurejeshwa serikalini hata pale kosa lilipokuwa la ofisi yenyewe, isipokuwa Wizara iamue kusamehe. Mdai aliyepunjwa ndiye anayehesabiwa siku.

5.0 Kazi ya istilahi

Katika Kiswahili cha kila siku, "malalamiko", "mapitio" na "rufaa" huweza kubadilishana nafasi bila madhara. Katika barua ya ruzuku, kubadilishana huko kuna gharama. Mkalimani anayetumia "rufaa" kwa hatua zote humwacha mdai akiamini kwamba amekwisha kukata rufaa, wakati ameomba mapitio tu. Majibu ya mapitio yanapokuja, huyapokea kama neno la mwisho. Anayetumia "malalamiko" kwa hatua zote humfanya mdai aonekane mtu wa manung'uniko badala ya mtu anayetumia haki yake.

Neno lenye athari kubwa zaidi ni "msaada". Msaada hutolewa kwa hiari, na adabu humtaka mpokeaji ashukuru. Mgeni aliyekaribishwa chakula hahesabu vipande vya nyama. Ruzuku iliyowekwa kwa sheria ni stahiki, na stahiki huhesabiwa. Barua inayosema "msaada wako umepungua" humwelekeza msomaji kwenye kushukuru au kunyamaza. Inayosema "stahiki yako ya mwezi huu imekokotolewa hivi" humwalika ahakikishe hesabu.

6.0 Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Ruzuku nyingi za eneo hili bado hazifuati kipato cha kila mwezi. Inua Jamii ya Kenya imekuwa ikilipa kiasi kisichobadilika cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF nchini Tanzania hutofautisha ruzuku ya msingi na ruzuku yenye masharti, na kiasi hutegemea muundo wa kaya, kama vile kuwapo kwa watoto. Hata hivyo, mantiki ya vyanzo vitatu inahusu hapa pia: mtoto anapozaliwa na taarifa isifike, mapunjo ni ya taarifa, jina likikosewa katika orodha ya walengwa, mapunjo ni ya hesabu.

Msingi wa kisheria wa kudai maelezo nao upo. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inatambua hifadhi ya jamii katika Ibara ya 43, na Ibara ya 47 inampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu hizo zitamfaa pale tu zitakapoandikwa kwa lugha anayoielewa na kwa maneno yasiyobadilika maana kutoka barua moja hadi nyingine.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Mapunjo ya ruzuku hayarekebishwi kwa juhudi ya mdai peke yake. Barua ya malipo inapaswa kumwonyesha mambo manne: kipato kilichotumika, tarehe ambazo kipato hicho kinahusu, jinsi kilivyobadilisha kiasi cha ruzuku, na mahali pa kupinga pamoja na siku ya mwisho. Mambo hayo manne humwezesha kutambua iwapo tatizo lake ni la taarifa, la hesabu au la kalenda.

Kwa upande wa lugha, inapendekezwa kwamba "stahiki", "mapunjo", "malimbikizo", "malalamiko", "mapitio" na "rufaa" zipewe fasili moja moja katika nyaraka za hifadhi ya jamii, na kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zishirikishwe mapema, kabla fomu hazijachapishwa na mifumo ya kompyuta haijajengwa. Istilahi ikichelewa kusanifiwa, gharama yake hulipwa na kaya ambayo kipato chake kimekwisha kushuka.