Gavana, Mwakilishi wa Mfalme, na Watu wa Meru

Neno Gavana lilitajwa sana katika nchi hii kwa muda wa miaka sabini, na wazee wengi walilitaja pasipo kumwona kamwe mtu mwenye cheo hicho. Katika mazungumzo haya twataka kueleza Gavana alikuwa nani, nguvu zake zilitoka wapi, na zilikoma wapi. Tutaitazama habari hii kutoka Arusha na mlima Meru, maana huko ndiko mpaka wa nguvu zake ulikoonekana wazi kuliko mahali pengine.

Mfalme wa Uingereza hakuweza kukaa katika kila nchi iliyokuwa chini yake. Kwa hiyo aliweka mtu badala yake, akampa hati yenye muhuri, naye mtu huyo akala kiapo. Kanada hata leo ina desturi hii: kila jimbo lina mwakilishi wa Mfalme, lakini kazi yake ni kutia sahihi tu, maana mambo huamuliwa na mawaziri waliochaguliwa na raia. Gavana wa Tanganyika hakuwa hivyo. Yeye alitia sahihi, na yeye aliamua. Sheria haikuwa sheria mpaka aikubali. Mtu aliyehukumiwa kufa aliweza kusamehewa naye. Na aliyekuwa juu yake ni Waziri wa Makoloni tu, aliyekaa London.

Cheo hiki hakikuanza na Waingereza. Wajerumani walikuwa na magavana saba tangu mwaka 1891, wa kwanza akiitwa von Soden na wa mwisho Schnee. Watu wa Meru na Arusha hawakuwajua magavana hao kwa sura, bali waliijua mikono yao. Mwezi wa Machi 1900, von Liebert akiwa Gavana, wakuu wengi wa Kilimanjaro na Meru walinyongwa kule Moshi, Mangi Meli akiwa mmoja wao. Mwaka huo huo boma la Arusha lilikuwa likijengwa, lile lenye kuta nyeupe ambalo baadaye lilifanywa nyumba ya makumbusho. Kisha walowezi wakaletwa, na mashamba yao yakauzunguka mlima kama mshipi, hata watu wakabaki na mashamba ya juu, na malisho ya chini yakawa ya wengine. Jambo hili tulikumbuke, maana ndilo mzizi wa yote yatakayofuata.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Arusha. Bwana Horace Byatt aliwekwa kuitawala nchi iliyotekwa, na mwaka 1920 akawa Gavana wa kwanza wa Tanganyika.

Hapa sharti tusimame kidogo, maana watu wengi hudhani Tanganyika ilikuwa mali ya Mfalme kama koloni nyingine. Sivyo. Baada ya vita nchi hii iliwekwa chini ya Chama cha Mataifa kule Geneva, na mwaka 1922 Uingereza ikapewa kuitunza kama amana. Mtu aliyewekewa amana hutumia ufunguo, lakini sanduku si lake, tena mwenye sanduku aweza kuuliza habari zake. Kila mwaka Serikali ilipeleka taarifa Geneva. Kwa hiyo Gavana alikuwa na bwana aliyemwajiri, naye ni Mfalme. Juu ya hayo palikuwa na macho mengine yaliyomtazama.

Mwaka 1923 Byatt alitoa Sheria ya Ardhi. Ilisema kwamba ardhi yote ni ardhi ya umma, iko chini ya mamlaka ya Gavana, naye aitunze kwa faida ya wenyeji. Maneno hayo ni mazuri sana, lakini yalimpa mtu mmoja uwezo wa kusema faida hiyo ni nini.

Aliyemfuata ni Bwana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, naye kwa maoni yangu ndiye aliyeacha alama kubwa kuliko wote. Aliigawa nchi katika majimbo 11, kila moja na mkuu wake ambaye watu walimwita P.C., na chini yake mabwana shauri wa wilaya. Arusha ikawa makao ya Jimbo la Kaskazini. Basi mtu wa Meru alipotaka kumfikia Gavana, neno lake lilipanda ngazi: kwa Mangi, kwa Bwana Shauri, kwa P.C., ndipo likafika Dar es Salaam, kama halikupotea njiani. Tena mwaka 1926 Cameron aliweka sheria ya utawala wa wenyeji, na Baraza la Kutunga Sheria, ambalo Mwafrika hakuingia mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Mangi Abdiel Shangali wa Machame.

Waliofuata tuwataje kwa haraka. Symes alikaa tangu 1931 mpaka 1934. MacMichael, aliyetoka Sudan, mpaka 1938. Young mpaka 1941, kisha akapelekwa Hong Kong, na huko akatekwa na Wajapani kabla ya mwaka kwisha. Jackson alishika kazi wakati wa vita, na Battershill baada yake.

Katika siku za Battershill jaji mmoja, Mark Wilson, aliagizwa kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Mwaka 1947 alishauri kwamba baadhi ya watu wahamishwe, ili mashamba ya Wazungu yawe pamoja mahali pamoja. Miongoni mwao walikuwa Wameru wa Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima. Mwaka 1949 akaja Gavana Edward Twining, na amri ikatekelezwa katika siku zake. Mwezi wa Novemba 1951 askari walifika, nyumba zikabomolewa na kuchomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Walipewa mahali pengine kule Kingori, na fidia pia, lakini wengi walikataa vyote viwili. Gavana alikuwa na sheria mkononi: ardhi iko chini ya mamlaka yake, naye ameamua.

Wameru waliuliza, Je, juu ya Gavana hakuna mtu? Alikuwako. Mwaka 1946 amana ya Chama cha Mataifa ilikuwa imehamia kwa Umoja wa Mataifa, na Baraza la Udhamini lilipokea barua kutoka kwa mtu ye yote wa nchi hizo, hata mkulima wa mlimani. Watu wakachanga fedha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet wa Meru, pamoja na mwanasheria wake Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, wakafika New York na kusema mbele ya mataifa. Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo ni huyo. Katika Kamati wengi walikuwa upande wa Wameru, lakini katika Mkutano Mkuu kura hazikutimia theluthi mbili, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo mwakilishi wa Mfalme alikuwa ameshitakiwa hadharani na wanakijiji, na habari hiyo ilisikika katika nchi nzima. Miaka mitatu baadaye Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza lile lile kwa ajili ya TANU.

Twining aliondoka mwaka 1958. Gavana wa tisa na wa mwisho alikuwa Richard Turnbull. Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 yeye hakuondoka mara moja, bali alikaa mwaka mmoja akiitwa Gavana Mkuu, akitia sahihi kama wale wa Kanada, huku mawaziri wakitawala. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri, na cheo kikakoma. Majimbo nayo yakavunjwa ikafanywa mikoa, na mkuu wa mkoa akawa mtu wa kuteuliwa na Rais.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 haikufutwa siku ile. Palipoandikwa Gavana paliandikwa Rais, nayo ikaendelea kutumika mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Ardhi mpya mwaka 1999. Katika sheria hiyo pia ardhi yote ni ya umma, naye Rais ndiye aliyewekwa kuwa mdhamini wake.