Kupanda mlima na kurudi siku moja: mambo ya kupanga kabla ya kutoka Kitshanga

Mwezi wa Juni ukiingia, mvua inapungua Kitshanga, na barabara ya kushuka Sake inatoa vumbi badala ya matope. Kiangazi hicho, kinachoendelea hadi Agosti, ndicho wakati mzuri wa kupanda milima ya Virunga: njia zinakauka na mvua za alasiri zinapungua. Kuna kiangazi kingine kifupi, kati ya mwisho wa Desemba na Februari.

Kitshanga iko kilometa 80 hivi kaskazini-magharibi mwa Goma, mahali Masisi inapopakana na Rutshuru. Upande wake wa mashariki ni mbuga ya Virunga, iliyoundwa tarehe 21 Aprili 1925, ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Tangu 1979 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini kwa mkaaji wa kawaida wa Kitshanga, kupanda mlima ni kazi ya shamba, ya kuni na ya malisho ya ng'ombe. Kupanda kwa kutembea tu, kuona na kurudi, kumebaki jambo la wageni.

Hata hivyo, kujua kupanga matembezi ya namna hiyo ni ujuzi unaoweza kulisha familia. Siku milima itakapofunguliwa tena, kazi ya kuongoza na kubeba mizigo itamfaa kijana anayejua kupandisha kundi la watu na kulirudisha lote likiwa zima.

Njia ni salama?

Hilo ndilo swali la kwanza, na historia ya karibu inaonyesha sababu. Mei 2018 mbuga ilisimamisha utalii baada ya mlinzi Rachel Masika Baraka kuuawa na Waingereza wawili kutekwa pamoja na dereva wao. Ikafunguliwa Februari 2019, kisha ikafungwa tena Machi 2020 kwa sababu ya Korona. Tarehe 24 Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo, pamoja na dereva wao na raia wanne. Mwisho wa 2021 M23 ilianza vita upya, na Januari 2023 ikaingia Kitshanga. Maelfu ya wakaaji wakakimbilia Mweso, Sake na Goma. Tangu mbuga iundwe, walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha kazini.

Kwa hiyo mpango wowote unaanza na maswali matatu: nani anashika njia leo? Mtu wa mwisho aliyepita alirudi lini? Ofisi ya mbuga inasema nini? Jibu moja likikosekana, safari inaahirishwa. Ndani ya mbuga hakuna kupanda bila mlinzi au kiongozi aliyeruhusiwa na ICCN. Njia za wachoma makala si za kufuata, hata zikionekana pana na zimekanyagwa vizuri, kwa maana mara nyingi zinapita mikononi mwa watu wenye silaha.

Pale vita vilipopita kuna hatari nyingine: mabomu ambayo hayakulipuka. Chuma kisichojulikana hakiguswi wala hakirushiwi jiwe. Watu wanasimama, wanarudi kwa kukanyaga nyayo zao wenyewe, kisha wanatoa habari kwa viongozi wa mtaa.

Hesabu ya saa

Huku karibu na ikweta jua linachomoza saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Mtu ana saa 12 za mwanga, na haifai kuzimaliza zote.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilometa tano za kutembea, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tuchukue mlima ulio mbali kwa kilometa tano, wenye kupanda mita 600. Kwenda kunachukua saa mbili. Kundi lenye watu wa nguvu tofauti linaongezewa saa moja, zinakuwa tatu. Kushuka kunachukua saa mbili, na mapumziko saa moja. Jumla ni saa sita. Wakiondoka saa moja asubuhi, saa saba mchana wamefika chini. Hayo ndiyo matembezi ya wastani.

Nyiragongo ni hesabu nyingine. Kutoka Kibati hadi kwenye ukingo wa shimo, mita 3,470 juu ya bahari, ni kilometa nane hivi na kupanda karibu mita 1,500. Watu walikuwa wanatumia saa nne hadi sita kupanda tu. Ndiyo sababu wageni walikuwa wanalala juu na kushuka kesho yake. Anayetaka kuufanya mlima huo wa siku moja anajitafutia giza njiani.

Saa ya kugeuka inaamuliwa chini, kabla ya kuanza. Wakisema saa sita mchana, basi saa sita wanageuka, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Anayetembea polepole anawekwa mbele, karibu na kiongozi, ili mwendo wake uwe mwendo wa wote. Mtu wa mwisho ni mwenye nguvu, na watu wanahesabiwa kila wanaposimama.

Baridi, pumzi na radi

Kila mita 1,000 za kupanda zinaondoa digrii sita hivi za joto. Goma ikiwa na digrii 24 mchana, juu ya Nyiragongo ni kama 12, na upepo unazidisha baridi. Usiku inaweza kukaribia sifuri. Sweta na koti la mvua vinabebwa hata jua likiwaka wakati wa kuondoka.

Kuanzia mita 2,500 hewa nyepesi inaweza kumsumbua mtu: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inakosa nguvu. Kwenye mita 3,500 mapafu yanapata karibu theluthi mbili tu ya hewa ya pwani. Mkaaji wa Kitshanga amezoea kuishi juu, lakini naye hana kinga kamili. Anayeanza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka anashushwa mara moja, na hashuki peke yake.

Radi nayo si ya kudharauliwa. Utafiti uliotolewa 2016 uliweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Mawingu meusi yakijikusanya, kundi linaacha kilele na miti iliyosimama peke yake.

Kwenye mfuko: lita mbili za maji kwa kila mtu, kwa sababu kwenye mawe ya lava maji yanapotelea ardhini. Viazi vya kuchemsha, ndizi, karanga na kipande cha fromaji ya Masisi vinatosha. Viatu viwe vigumu, maana lava inakata soli nyepesi. Tochi, fimbo, kitambaa cha kufunga kidonda na simu yenye moto vinakamilisha mzigo. Na mtu mmoja aliyebaki nyumbani anajua njia, majina na saa ya kurudi.

Volkano na mazuku

Nyiragongo ulilipuka Januari 1977, Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Kituo cha Goma cha kuchunguza volkano, OVG, kinatumia rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Kuuliza rangi ya siku ni sehemu ya mpango.

Karibu na Goma na Sake kuna pia mazuku, hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kutulia mabondeni. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na inaua watu na mifugo, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Kwa hiyo watu hawapumziki kwenye mashimo, hata kama kuna kivuli kizuri. Ndege au mbuzi aliyekufa bila kidonda ni alama ya kuondoka haraka.

Ng'ambo ya mpaka

Milima hii haifuati mipaka. Sabinyo inagawanywa na nchi tatu: Kongo, Rwanda na Uganda. Visoke, wenye mita 3,711 na ziwa dogo juu yake, umekaa kwenye mpaka wa Kongo na Rwanda. Upande wa Rwanda watu wanaupanda na kurudi siku hiyohiyo. Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu sokwe 604 wa milimani katika safu hiyo ya pamoja. Kibali cha kuwaona Rwanda ni dola 1,500 tangu 2017. Kongo ilikuwa inaomba dola 400 mbuga ilipokuwa wazi, na bado wageni walikuwa wachache kuliko ng'ambo.

Mlima ni uleule na sokwe ni walewale. Ng'ambo mgeni anajua kwamba atalala mjini, atapanda asubuhi, atarudi jioni. Kijana wa Kitshanga anajua mvua, matope na baridi ya milima hii kuliko mgeni yeyote. Anachokosa ni barabara ambayo mtu anaweza kuahidi leo kwamba itapitika kesho. Hadi hapo, kiangazi ni wakati wa kujifunza hesabu hizi kwenye vilima vya karibu, pale ambapo wenyeji wenyewe wanathibitisha kwamba njia ni salama.