Mfarishi Uliokaa Sandukuni: Namna ya Kuuchora na Kuumaliza kwa Cherehani

Hakuna nyumba isiyokuwa na kazi iliyoanzwa kwa furaha ikaachwa njiani. Nchini Marekani, kazi ya namna hiyo ipatikanayo kwa wingi katika masanduku ya wazee ni mfarishi wa viraka ambao haukumalizwa. Mingi ya mifarishi hiyo ilianzwa katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Siku hizo unga na chakula cha kuku viliuzwa katika magunia ya pamba yenye maua na rangi za kupendeza, na akina mama wa mashambani waliyafumua, wakayafua, wakayashona magauni ya watoto. Mabaki yake yakakatwa viraka na kuunganishwa kipande kwa kipande mpaka yakapata upana wa kitanda.

Hapo ndipo wengi walipokwama. Kuunganisha viraka hakuhitaji fedha nyingi wala nafasi kubwa. Mama aliweza kuifanya kazi hiyo mapajani mwake huku akingoja chungu kichemke. Kumaliza ni jambo jingine. Kulihitajiwa pamba ya kutia ndani, bitana ya chini, fremu kubwa ya mbao ya kuwambia nguo, na majuma mengi ya kushona. Basi kitambaa kikakunjwa na kuwekwa, miaka ikapita, na mwenyewe akafariki. Leo wajukuu wanakifungua na kujiuliza: je, tukimalize au tukiache?

Swali hilo si dogo. Kitambaa chenye umri wa miaka themanini au tisini hakina badala yake. Kalamu moja isiyofaa yaweza kuharibu kwa dakika kumi kazi iliyomchukua marehemu miaka miwili. Lakini kitambaa hicho kikiachwa sandukuni milele, hakitamtia joto mtu yeyote.

MFARISHI NI NINI?

Yafaa kwanza ieleweke kwamba mfarishi una tabaka tatu. Juu kuna kitambaa cha viraka, katikati kuna pamba, na chini kuna bitana. Tabaka hizo hufungamanishwa kwa mishono inayopita katika zote tatu. Mishono hiyo huizuia pamba isikusanyike pembeni kama godoro bovu, na vilevile huchora juu ya nguo nakshi ya mabonde na matuta madogo. Kwa hiyo nakshi ya mfarishi ni pambo, tena ni nguzo ya nguo yenyewe.

Wala kazi hii si ngeni kwa watu wa kambini. Baada ya Vita vya Krimea, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1853 hadi 1856, mchoraji Thomas Wood wa Uingereza alimchora askari Thomas Walker, aliyejeruhiwa kichwani katika mapigano ya Inkerman, akiwa ameketi kitandani hospitalini anashona viraka. Askari wengi wa Kiingereza wa zama hizo walishona nguo za namna hiyo kwa vitambaa vizito vya sare. Sindano haikuwapunguzia uanaume wao. Iliwatuliza na kuwapa la kufanya.

MKONO AU CHEREHANI?

Wako wanaosema kwamba mfarishi wa zamani ukitiwa cherehani umeharibiwa. Historia haikubaliani nao. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Haukupita muda mrefu kabla baadhi ya wanawake wa Marekani kuanza kupitisha cherehani juu ya mifarishi yao, tena mahali pa kuonekana, maana kumiliki chombo hicho kulikuwa fahari. Baadaye kazi ya mkono ilipewa heshima zaidi, mpaka mwaka 1989, katika maonyesho makubwa ya mjini Paducah, jimbo la Kentucky, mfarishi wa Caryl Bryer Fallert, uliofungamanishwa kwa cherehani, ulipotwaa tuzo ya juu kabisa. Tangu hapo mabishano yamepoa.

KABLA YA KUGUSA CHAKI

Kitambaa cha zamani huchunguzwa kwanza. Kitandazwe mbele ya dirisha, kitazamwe upande wa nyuma, na kila mshono uliofumuka ushonwe upya. Mahali palipochakaa pawekewe kiraka kwa ndani. Tone la maji lidondoshwe juu ya kila rangi, hasa nyekundu na buluu ya kukoza, kisha pakandamizwe kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye cheupe, nguo hiyo haitavumilia kufuliwa, na kwa hiyo haifai kuchorwa kwa alama zinazotolewa kwa maji. Na kama kitambaa ni cha kale mno, au kimeshonwa kwa ustadi wa pekee, ni vyema kionwe na watu wa makumbusho kabla hakijaguswa.

KUCHAGUA NAKSHI

Kosa la wengi ni kuchagua nakshi iliyo nzuri kitabuni bila kuitazama nguo. Juu ya viraka vyenye maua mengi nakshi ya fahari hupotea, na mshonaji hutaabika bure. Hapo mistari iliyonyooka yatosha, au miraba ya mshazari iliyopishana kama wavu. Mashada ya maua, manyoya na mizunguko yahifadhiwe kwa sehemu zenye rangi moja, ambako kivuli cha mshono huonekana.

Pamba nayo ina amri yake. Pamba ya zamani, isiyokuwa na kitu cha kuishikamanisha, ilidai mistari ikaribiane kiasi cha sentimita 3 hadi 5, la sivyo ilivunjika vipande ndani ya nguo. Pamba nyingi za viwandani za siku hizi zaweza kuvumilia nafasi ya sentimita 20 na zaidi. Maelezo ya pamba yasomwe kabla nakshi haijachaguliwa, kisha nafasi zilingane nguo nzima. Sehemu moja ikishonwa kwa kubana na nyingine ikaachwa wazi, mfarishi hujikunja na hautalala sawa kitandani.

KUCHORA

Jambo kuu katika kuchora ni hili: mchoro ni wa muda, mshono ni wa kudumu. Kwa hiyo alama iliyo bora ni ile iondokayo kwa urahisi, hata kama haipendezi sana machoni. Kila chombo kijaribiwe kwanza kwenye kipande kinachofanana na nguo, kifuliwe, kikauke, ndipo kiaminiwe.

Chaki ya fundi ni salama, ila hufutika mapema. Basi lichorwe eneo dogo na lishonwe papo hapo. Kwa nguo nyeusi, kipande chembamba cha sabuni iliyokauka huchora mstari safi na huondoka kwa maji. Penseli itumiwe kwa mkono mwepesi sana, kwani iko mifarishi ya karne ya kumi na tisa ambayo mistari yake ya penseli ingali ikionekana hadi leo. Kalamu ya buluu iondokayo kwa maji ni nyepesi kutumia, lakini ina hatari: pasi ya moto ikipita juu yake kabla haijaoshwa, wino waweza kugeuka kahawia na kukataa kutoka. Ioshwe kwanza kwa maji baridi matupu, bila sabuni. Kalamu ambayo wino wake hutoweka kwa joto la pasi nayo si ya kuaminiwa sana, maana alama yake yaweza kurudi nguo ikipatwa na baridi kali.

Kwa nakshi inayojirudia, njia ya kale ingali bora. Nakshi huchorwa kwenye karatasi ngumu, kisha karatasi hutobolewa kwa cherehani isiyotiwa uzi, ikawekwa juu ya nguo na kupigwapigwa kwa kifuko chenye unga wa chaki. Unga hupenya matundu na kuacha nukta za kufuata. Kwa mistari iliyonyooka, utepe wa karatasi wenye gundi hutosha bila mchoro wowote. Ila usiachwe usiku kucha, gundi isije ikabaki kitambaani. Na kwa wasio na vyombo, wanawake wa mashambani wa Marekani waliwahi kuweka kiwiko juu ya nguo kama ncha ya bikari, wakazungusha mkono wenye chaki, wakapata matao yaliyopangana kama mapepeo.

KUPITISHA CHEREHANI

Bitana itandazwe kwanza na kunyooshwa, pamba ifuate, kisha viraka. Tabaka zote zipigwe bandi au zifungwe kwa pini kama zile za winda za watoto, pini moja kila baada ya sentimita 10 hivi. Asiyetaka kufunga pini za kutosha atakuta mikunjo chini wakati ambapo hakuna la kufanya ila kufumua.

Sindano iwe mpya, namba 12 au 14, na uzi wa juu na wa chini upatanishwe kwenye kipande cha majaribio chenye tabaka tatu. Kazi ianzie katikati na kuelekea pembeni. Kwanza yafuatwe maungio makubwa ya viraka, ili nguo ishikamane; ndipo nakshi ndogo zijazwe. Sehemu isiyoshonwa ikunjwe kama mkeka na kuegemezwa mezani, kwa sababu uzito wake ukining'inia huvuta sindano na kupotosha mstari.

Kwa nakshi za mizunguko, meno yanayosukuma nguo huteremshwa au kufunikwa, na mikono ya mshonaji ndiyo huiongoza nguo chini ya sindano. Wanaowajua mafundi wanaotarizi kanzu kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee wataielewa kazi hii upesi. Mguu na mikono viende kwa mwendo mmoja: mikono ikikimbia mishono huwa mirefu, ikikawia hurundikana. Mazoezi ya nusu saa kila siku kwa wiki moja, juu ya mabaki ya vitambaa, huokoa machozi mengi.

JINA NA MWAKA

Mfarishi ukishatiwa upindo na alama kuoshwa, limebaki jambo moja ambalo wengi hulisahau. Katika jumba la makumbusho la Bennington, jimbo la Vermont, umehifadhiwa mfarishi wa Jane Stickle, alioushona wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Katika pembe moja aliandika kwa uzi kwamba ni wakati wa vita, mwaka 1863, kwamba vipande ni 5,602, na akatia jina lake. Kwa maneno hayo machache, mwanamke huyo wa shamba anajulikana hadi leo.

Basi anayemaliza kazi ya marehemu aandike nyuma yake majina mawili: la aliyeunganisha viraka na la aliyefungamanisha tabaka, na miaka ya kila mmoja. Kama jina la kwanza halijulikani, iandikwe hivyo hivyo. Kisha mfarishi utandikwe kitandani na watu walale chini yake, kwani hiyo ndiyo haja iliyomfanya wa kwanza ashike sindano.