Pamba ya Dutwa na Mfuko wa Tumboni

Msafiri atokaye mjini Bariadi kwenda Lamadi hupita Dutwa. Akipita katika miezi ya mavuno, huona kwenye vituo vya ununuzi malundo ya pamba mbegu yakingoja mizani. Kwa mkulima wa Kisukuma pamba hiyo ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni ng'ombe wa kesho. Wachache hufikiri kwamba nyuzi hizo nyeupe zina uhusiano na shida moja ya siri ambayo baadhi ya wananchi huibeba tumboni, chini ya shati au kitenge. Shida hiyo ni ya mtu ambaye haja kubwa haipiti tena njia yake ya kawaida, bali hutoka kwenye tundu lililofunguliwa na daktari tumboni, naye hana mfuko wa kuipokea.

Makala hii yaeleza kifaa hicho ni kitu gani, kwa nini ni ghali, bima inapoishia ni wapi, na sayansi tunayofundisha madarasani yaweza kusaidia nini.

Stoma ni nini?

Neno "stoma" ni la Kigiriki, na maana yake ni mdomo. Daktari mpasuaji huvuta sehemu ya utumbo hadi nje ya ukuta wa tumbo na kuishona kwenye ngozi. Ikiwa ni utumbo mpana, kinachotoka huwa kizito, kwa kuwa maji mengi yamekwisha kufyonzwa. Ikiwa ni utumbo mwembamba, kinachotoka ni majimaji, nayo kwa kawaida hufikia mililita 500 hadi 800 kwa siku. Stoma haina msuli wa kuizuia. Mwenye nayo hawezi kusema, "Ngoja kwanza nifike nyumbani."

Sababu za kufanyiwa upasuaji huo ni nyingi. Wako watoto wanaozaliwa bila tundu la haja, jambo ambalo hutokea kwa takriban mtoto 1 katika kila 5,000. Wako wengine wanaozaliwa utumbo wao mpana ukikosa seli za neva za kuusukuma mzigo. Kwa watu wazima, utumbo huweza kujisokota, kutobolewa na homa ya matumbo, kuumizwa katika ajali au kuingiwa na saratani. Katika Kanda ya Ziwa wagonjwa wa namna hii hupelekwa aghalabu Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Upasuaji huu si wa jana. Mwaka 1710 Mfaransa Alexis Littré, baada ya kuchunguza maiti ya mtoto mchanga aliyezaliwa bila njia ya haja, alipendekeza kwamba utumbo ungeweza kufunguliwa tumboni. Mwaka 1793 daktari Duret wa mji wa Brest alilitenda jambo hilo kwa mtoto wa siku chache tu, na mtoto huyo aliishi hadi utu uzima. Kuokoa maisha kulikwisha kuwezekana. Kumpa aliyeokolewa maisha ya heshima kulichelewa zaidi ya miaka 150.

Adui wa ngozi

Ni kwa nini kitambaa chochote kisitoshe? Jibu limo katika kemia. Ngozi yetu ina asidi kidogo. Kiwango chake cha pH ni karibu 5.5. Majimaji ya utumbo mwembamba hayana asidi hiyo, tena yamebeba vimeng'enya vya kongosho, ambavyo kazi yake ni kuyeyusha protini na mafuta. Kimeng'enya hakijui kutofautisha protini ya maharage na protini ya ngozi. Kikimwagika juu ya tumbo na kukaa, huanza kumla mwenyewe. Ngozi huchubuka na kutoa maji, na juu ya ngozi iliyolowa hakuna gundi inayoshika. Gundi isiposhika, uchafu huvuja zaidi. Huo ndio mzunguko unaomfungia mgonjwa ndani ya nyumba.

Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alimwona dada yake Thora akikataa kutoka nje baada ya kufanyiwa upasuaji wa aina hii. Alibuni mfuko wa plastiki wenye gundi, unaobandikwa tumboni na kutupwa baada ya kutumika. Mwenye kiwanda Aage Louis-Hansen alikubali kuutengeneza, na mwaka 1957 kampuni ya Coloplast ikaanzishwa. Katika miaka hiyo hiyo ya hamsini, daktari Rupert Turnbull wa Cleveland, Marekani, aligundua kwamba utomvu wa mti wa karaya wa India hushika ngozi iliyolowa na kuikinga. Baadaye wataalamu walipata mchanganyiko ulio bora zaidi, ambao ndio msingi wa mabamba ya gundi ya leo. Tutaurudia mchanganyiko huo, kwa maana humo ndimo pamba inamoingia.

Bima inapoishia

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukianza na watumishi wa serikali. Kwa wakulima kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Mfuko huo ulipoboreshwa, kuanzia mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na mafao yake yaliishia katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Msomaji aitazame kwa makini ngazi ile ya mkoa. Mkulima wa Dutwa aliyekuwa na kadi ya jamii alitibiwa zahanati, kituo cha afya, wilayani na mkoani. Lakini upasuaji mgumu wa utumbo wa mtoto mchanga ni kazi ya hospitali ya kanda. Kadi yake ilikoma pale pale ugonjwa ulipozidi uwezo wa mkoa.

Liko pengo la pili, nalo huwagusa hata wenye kadi kubwa. Bima yoyote hulipia kilichoandikwa katika orodha yake ya mafao, na hospitali hutoa kilichomo katika stoo yake. Upasuaji ni tendo la siku moja. Mfuko ni hitaji la kila siku. Mgonjwa hurudi kijijini na mifuko michache aliyopewa wodini, na ikiisha hubaki kuitafuta katika maduka ya dawa ya mjini, kwa fedha yake na nauli yake. Kwa hiyo, kabla ya kutoka wodini, yafaa mgonjwa au mzazi aulize mambo matatu: je, mifuko imo katika mafao yangu? Ni mingapi kwa mwezi? Nitaichukulia kituo gani?

Hesabu ya siku

Wengi huchagua kifaa kwa kutazama bei ya kimoja. Mwanafunzi wa hesabu atatuonya kwamba kipimo sahihi ni gharama ya siku, yaani bei ya kifaa kugawanywa kwa idadi ya siku kinazodumu. Mfuko uliozibwa chini, unaotupwa mara mbili kwa siku, huhitaji vipande 730 kwa mwaka. Mfuko wenye mdomo chini, unaomwagwa na kubadilishwa kila siku ya tatu, huhitaji 122 tu. Hata bei ya huu wa pili ikiwa mara tatu ya ule wa kwanza, gharama ya mwaka itakuwa karibu nusu.

Uangalifu huongeza umri wa kifaa. Mfuko umwagwe ukifikia theluthi moja, maana uzito huvuta gundi. Tundu la bamba likatwe kwa kufuata kipimo cha stoma, likibakiza nafasi ya milimita mbili au tatu tu. Stoma hunywea katika wiki sita hadi nane za mwanzo, hivyo kipimo cha wodini hakifai daima. Ngozi ioshwe kwa maji safi na kukaushwa kabisa. Mafuta yasipakwe chini ya bamba, kwa kuwa gundi haishiki penye mafuta.

Vile vile, mtu mzima mwenye stoma ya mwisho wa utumbo mpana upande wa kushoto aweza kufundishwa na muuguzi kuusafisha utumbo kwa maji ya uvuguvugu kila baada ya siku moja au mbili. Akizoea, hukaa saa nyingi bila kutokwa na kitu, akajifunika kwa kitambaa kidogo tu. Njia hii isijaribiwe bila ruhusa ya daktari, nayo haiwafai wenye stoma ya utumbo mwembamba.

Pasipo na mfuko

Katika vijiji vingi vya Afrika akina mama wamewalea watoto wenye stoma kwa vitambaa vya pamba vilivyokunjwa na kufungwa kwa mshipi. Njia hii si ya kudharauliwa. Kwa stoma ya utumbo mpana, ambayo uchafu wake ni mzito, kitambaa kinachobadilishwa mara kwa mara, kufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani hufanya kazi nzuri, hasa ngozi ikipakwa kwanza dawa nzito ya zinki. Hapa mafuta ya dawa hiyo hayadhuru, kwa sababu hakuna gundi ya kuzuiwa. Fundi cherehani wa kijijini aweza kushona mshipi wenye tundu na mfuko wa kitambaa unaofuliwa.

Wengine walitumia mifuko myepesi ya dukani, maarufu kwa jina la rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Marufuku hiyo haikugusa vifungashio vya huduma za afya, lakini kile kilichopatikana bure kwa kila muuza duka hakipatikani tena vivyo hivyo.

Kwa mwenye stoma ya utumbo mwembamba hatari kubwa zaidi ni kupoteza maji na chumvi, hasa katika jua la Simiyu. Dawa ya kurudisha maji hupatikana zahanati. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, husaidia mgonjwa anapopelekwa kituoni.

Na tusisahau kwamba stoma nyingi za watoto ni za muda. Mtoto hufanyiwa upasuaji wa kwanza, kisha wa kumtengenezea njia, kisha wa kufunga stoma. Kila mwezi wa kuchelewa kwa kukosa nauli ni mwezi wa mifuko. Kuchangia safari moja ya Mwanza kwaweza kuwa msaada wa bei nafuu kuliko mifuko ya mwaka mzima.

Kutoka pamba hadi gundi

Sasa turudi kwenye bamba la gundi. Mchanganyiko wake wa asili una vitu vinne. Cha kwanza ni jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Cha pili ni pektini, itokanayo na maganda ya machungwa na matofaa. Cha tatu ni selulosi iliyogeuzwa, na cha nne ni mpira laini utokanao na mafuta ya petroli. Vile vitatu vya kwanza hunyonya unyevu na kuwa kama uji mzito, wakati mpira huvishikanisha.

Selulosi hiyo hutoka katika miti au katika pamba. Unyuzi wa pamba ni selulosi kwa zaidi ya sehemu 90 katika kila 100. Hata zile nyuzi fupi zinazobaki juu ya mbegu baada ya kuchambuliwa zafaa. Kiwandani selulosi huloweshwa katika magadi makali ya sodiamu, kisha huunganishwa na asidi itokanayo na siki na klorini. Kitu kilichokuwa hakiyeyuki katika maji huwa unga unaoyanywa maji kwa pupa. Kwa maneno mengine, mkulima wa Dutwa, mwenye pamba na ng'ombe, anazo mali ghafi mbili kati ya zile nne. Kinachokosekana kati ya shamba lake na tumbo la jirani yake ni kiwanda na ujuzi.

Jambo hili si ndoto tupu. Dutwa imetajwa katika mipango ya Bohari ya Dawa kuwa mahali pa kiwanda cha vifaa tiba vitokanavyo na pamba. Pamba ya hospitali, shashi na bandeji ndizo hatua za kwanza, na mshipi na mfuko wa kitambaa haviko mbali nazo. Bamba la gundi lahitaji kemia ya juu zaidi, lakini kemia hiyo ina mwanzo, na mwanzo wake waweza kuonekana darasani.

Jaribio la darasani

Chukua pamba ghafi iliyoondolewa mbegu, uigawe mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu moja liache. La pili lichemshe kwa saa moja, mbele ya mwalimu, katika maji yenye magadi, kisha ulisuuze mara nyingi na kulikausha. Weka yote mawili juu ya maji baridi. Pamba ghafi itaelea, kwa sababu nyuzi zake zimevikwa nta. Iliyochemshwa itakunywa maji na kuzama, kwa kuwa magadi yameiondoa nta hiyo. Pima kwa saa kila moja imechukua muda gani. Hapo mwanafunzi amefanya hatua ya kwanza ya kutengeneza pamba ya hospitali.

Nchini Kenya wenye stoma wameungana katika chama kiitwacho Stoma World Kenya ili wasikike. Kusikika ni nusu ya tiba, kwa sababu kifaa ambacho hakuna anayethubutu kukitaja hakiwezi kuingia katika orodha ya bima. Mwalimu atakayelitamka neno stoma mbele ya darasa bila kicheko atakuwa amemfungulia mlango mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma, karibu na dirisha, akiogopa kuinuka.